Uanze na skeli ipi? 1/35, 28 mm, 1/72 na 6 mm kwa mjenzi na mchezaji wa vita vya mezani aliyeko Dar

Wengi huingia kwenye mchezo huu kupitia picha ya juu ya boksi la modeli. Kifaru kinatimua vumbi, bei inavumilika, duka la nje linapokea kadi, basi kinaagizwa. Kinafika, kinaundwa, kinapakwa rangi, kinakaa juu ya kabati la televisheni. Siku mwenyewe anapotaka kucheza nacho ndipo inajulikana kwamba askari alionao wanalingana urefu na magurudumu yake, na rafiki aliyemshawishi waanze pamoja kaagiza vya ukubwa mwingine kabisa.

Kwa hiyo hapa silinganishi majeshi wala makampuni. Nalinganisha skeli, yaani modeli imepunguzwa kiasi gani kutoka kitu halisi, tena kwa mtu mwenye meza ya kulia chakula kwenye nyumba ya kupanga Sinza au Upanga, mwenye marafiki wawili watatu wa kucheza nao, na ambaye kila boksi lake linatoka ng'ambo na kupita forodhani. Mtu wa Nottingham, Uingereza, ana ukumbi wa klabu na duka mtaa wa pili. Ushauri wake ni mzuri kwake.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: meza inapangwa kuwa uwanja wa vita halisi vya kihistoria, kila mmoja anaongoza jeshi lake la sanamu ndogo, mwendo na masafa ya risasi hupimwa kwa futi kamba, matokeo huamuliwa kwa dadu, na kanuni zilizoandikwa ndizo refa. Wapo wanaojenga tu na hawachezi kamwe. Wapo wanaocheza na hawajali kama rangi imeingia vizuri kwenye mikunjo ya shati. Wengi wetu tuko katikati, na huko katikati ndiko skeli inakoleta ugomvi.

Kipimo nitakachotumia ni mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Waingereza walishusha watu wapatao 8,000, wengi wao wanajeshi kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Upande wa Wajerumani, kamanda wao Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Waliotua ndio walioshindwa, wakapanda tena meli zao na kuacha ufukweni silaha na risasi kwa wingi. Ni mapigano yanayovutia kuchezwa kwa sababu upande mkubwa una kila kitu isipokuwa taarifa za adui na mpangilio. Tukikubaliana kwamba sanamu moja inasimama badala ya watu 50, tunahitaji sanamu 160 upande mmoja na 20 upande wa pili. Shika hizo namba mbili.

Ukubwa wenyewe

Skeli ya 1/72 maana yake sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za kitu halisi. Watengenezaji wa askari wa madini wao hutumia milimita, na kwa kawaida hupima mtu kutoka nyayo hadi machoni, ndiyo maana 28 mm huwekwa karibu na 1/56. Kifaru nilichotumia kwenye jedwali ni Type 59 ya Kichina, ambayo JWTZ ilikuwa nayo kwenye vita vya Kagera. Mwili wake bila mzinga una urefu wa takriban mita 6.04.

| Skeli | Mtu wa mita 1.75 | Type 59 bila mzinga |
|---|---|---|
| 1/35 | sm 5 | sm 17 |
| 28 mm (karibu 1/56) | sm 3.1 | sm 10.8 |
| 1/72 | sm 2.4 | sm 8.4 |
| 15 mm (1/100) | sm 1.75 | sm 6 |
| 6 mm (1/285) | sm 0.6 | sm 2.1 |

1/35: ya mjenzi

Kama unachotaka ni kukaa mezani jioni na kujenga kitu kimoja kwa mwezi mzima, acha kusoma yaliyobaki. Nunua 1/35. Hapa ndipo Tamiya ya Japani ilipojijengea jina, na Trumpeter ya China wana Type 59 yenyewe na hata BM-21, ile mizinga ya roketi ambayo Waganda waliiita Saba Saba walipoisikia mwaka 1979. Unaona kila boliti, unaweza kufungua mlango wa dereva, unaweza kuweka tope kwenye minyororo likaonekana tope.

Kuchezea, hapana. Kifaru kimoja na mzinga wake kinafika sentimita 25, na meza ya watu sita inajaa kabla hujaweka adui. Pia 1/35 ina sehemu pana bapa ambazo brashi ya mkono huacha mistari juu yake, kwa hiyo mapema au baadaye utataka bunduki ndogo ya rangi na kompresa yake. Kompresa inataka umeme, na umeme ukikatika katikati ya kazi, rangi inakaukia ndani ya ncha.

28 mm: nzuri kwa macho, ghali kwa Tanga

Skeli hii ndiyo inayopendwa na wachezaji wa Uingereza, na ukiona picha zake unaelewa. Mtu ana sura, ana masharubu, unaweza kumpa jina. Bolt Action, mchezo wa Vita vya Pili vya Dunia uliotengenezewa ukubwa huu, unachezwa na kikosi kidogo tu: dadu za amri zinawekwa kwenye mfuko, inayotoka ndiyo inaamua upande upi unasogeza kundi moja. Hakuna anayekaa nusu saa akisubiri zamu yake, jambo ambalo marafiki wenye simu mkononi wanalithamini.

Udhaifu wake uko kwenye umbali. Bunduki ya kawaida kwenye Bolt Action inafika inchi 24, yaani sentimita 61. Kwa 1/56 hizo ni mita 34 tu za uwanja halisi. Ni nani aliyekwenda vitani na bunduki inayofika mita 34? Kanuni zinabana umbali ili meza itoshe, na akili inakubali, lakini ukishaliona hili huwezi kuliacha kuliona.

Faida kwa Mtanzania ni kwamba askari wa Afrika Mashariki wa 1914 hadi 1918 wapo tayari katika 28 mm, wa madini, kutoka kwa watengenezaji wadogo wa nje. Hasara ni hizohizo madini. Mzigo unalipiwa kwa uzito, kisha forodha, kisha VAT ya 18%, na inayotozwa juu yake si bei ya sanamu peke yake, hata usafirishaji umo. Rudi kwenye namba zetu: sanamu 180 za madini, moja moja, zipakwe rangi na mtu mwenye kazi na familia. Hiyo ni Tanga itakayochezwa mwanao akimaliza chuo.

Fanya 28 mm ukikubali kucheza kipande. Chukua barabara moja ya mji na jengo la forodha, waweke askari 25 kila upande, sanamu moja ni mtu mmoja. Kwa hilo hakuna skeli inayoishinda.

1/72: ninayoipendekeza

Sababu ya kwanza ni hesabu. Boksi moja la askari wa 1/72 la plastiki huwa na watu kati ya 40 na 50, ni jepesi, na bei yake kwa 28 mm ingekupatia watu wachache tu wa madini. Sanamu 160 za Tanga ni maboksi manne. Ishirini za Lettow-Vorbeck ni nusu ya boksi, na inayobaki unaigeuza kuwa wapagazi, ambao vita vile visingeendeshwa hata wiki moja bila wao, na ambao wachezaji wengi huwasahau.

Sababu ya pili ni ndege. 1/72 ni skeli ya kawaida ya ndege tangu zamani, kampuni za Airfix na Revell wameijaza. Ukitaka Kagera, MiG-21 zipo tele, na zinasimama meza moja na kifaru chako bila kudanganya jicho. Angalizo kwa wenye tamaa: Libya ilimsaidia Amin kwa Tu-22, ikatumwa kuipiga Mwanza mwishoni mwa Machi 1979, ikakosa mji na kuua wanyama kisiwani Saanane. Ndege hiyo ilikuwa na urefu wa karibu mita 42, kwa 1/72 ni sentimita 58. Familia haitakula mezani.

Sababu ya tatu ni kwamba kifaru cha 1/72 kinakamilika kwa brashi ya mkono. Huhitaji kompresa.

Sasa lawama zake, maana zipo. Askari wengi wa 1/72 ni wa plastiki laini, ile inayojipinda, na rangi haiipendi. Usipoandaa, rangi inabanduka kwenye bunduki na vifundo vya miguu mara ya tatu unapowashika. Dawa yake haina siri: osha fremu nzima, ile wanayokuja wameshikizwa askari, kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, kausha, paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo kama koti la kwanza, ndipo rangi, kisha vanishi. Ukiruka hatua ya sabuni umepoteza kazi yote. Tena maboksi hayalingani. Kampuni hii mtu wake mwembamba, ile mtu wake kapanda juu milimita mbili. Usiwachanganye kwenye kikosi kimoja. Waweke vikosi tofauti, hakuna atakayeona.

Na kuna mapengo. Vifaru vya Kagera unavipata, lakini wapiganaji wa JWTZ wa 1978 itabidi uwaunde kutoka kwa askari wa kisasa wenye AK, kukata kofia hapa, kubandika nyingine pale. Ni kazi ya kisu na supagluu, na wengine ndiyo starehe yao.

Kwa mavazi ya 1914, Dar ina msaada ambao mtu wa Nottingham hana. Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyowekwa mwaka 1927, unaizunguka ukiangalia mikanda, bunduki na singe kutoka kila upande. Ila kumbuka imewekwa na Waingereza na inaonyesha askari wa upande wao. Askari wa Lettow-Vorbeck alivaa kofia yake ndefu ndani ya kifuniko cha kaki chenye kitambaa kinachoshuka kufunika shingo. Nimeona majeshi mazuri ya mezani yaliyovalishwa kofia za adui.

15 mm na 6 mm, kwa ufupi

15 mm ina mchezo wake mkubwa, Flames of War wa kampuni ya New Zealand, wa Vita vya Pili vya Dunia, na kama hivyo ndivyo vita unavyovitaka ni chaguo lisilo na ubishi: vifaru kumi vinaingia kwenye boksi la viatu. Kwa Afrika Mashariki sioni inachonipa ambacho 1/72 hainipi.

6 mm ni habari nyingine. Mtu ni kama punje ya mchele na humpaki rangi, unampaka nukta tatu: ngozi, nguo, bunduki. Lakini zile inchi 24 sasa ni mita 174, na uwanja unaanza kufanana na uwanja. Lukaya nchini Uganda, tarehe 10 na 11 Machi 1979, vikosi vya Tanzania vikiwa kwenye barabara inayopita katikati ya kinamasi, Waganda na Walibya wakitokea mbele: hayo ni mapigano ya barabara moja ndefu, na 6 mm ndiyo pekee itakayokupa urefu huo juu ya meza ya kawaida. Ukiyacheza kwa 28 mm unapata mtaro na kipande cha lami.

Kabla hujalipa hata senti

Mjaribu mwenzako kwa karatasi. Chora au chapisha askari kwenye karatasi ya manila katika steshenari yoyote, kata, kunja chini wasimame, chezeni Tanga nzima. Kama baada ya michezo miwili bado anauliza lini tena, agiza. Na ukiagiza, nunua majeshi yote mawili wewe. Huu si mchezo wa bao kwamba utakuta wachezaji na ubao kibarazani. Katika mji huu mwenye kuanzisha ndiye mwenye meza, mwenye dadu na mwenye adui. Hili peke yake linatosha kuiondoa 28 mm kwa watu wengi, kwa sababu gharama unaizidisha mara mbili.

Hali ya hewa yetu haiko kwenye maelekezo ya boksi

Maelekezo mengi yameandikwa kwa nchi zenye baridi. Supagluu hugandishwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo Dar inashika haraka kuliko unavyotaka, na huacha utando mweupe kama ukungu kwenye plastiki. Tumia tone dogo kwa ncha ya pini, na chupa ihifadhi kwenye friji ndani ya mkebe uliofungwa. Vanishi ya kopo la kupuliza ikipigwa wakati wa masika inaweza kutoka na weupe unaoharibu kazi ya mwezi. Ngoja kipindi cha kusi, Juni hadi Septemba, au tumia vanishi ya brashi ambayo haina hasira hizo. Vipande vya resini usiviache ndani ya gari mchana. Mizinga myembamba inajipinda. Ikishajipinda, itumbukize kwenye maji ya moto, inyooshe, iweke kwenye maji baridi.

Rangi za akriliki za maji, Vallejo ya Hispania kwa mfano, hukauka kwenye sahani hata kabla hujachovya mara ya pili, hasa feni ikiwa inazunguka. Weka kitambaa kibichi kwenye mfuniko wa mkebe, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi juu ya karatasi. Itakaa mbichi jioni nzima. Rangi hizo pia ndizo rahisi kuagiza, kwa sababu makopo ya kupuliza na gundi zinazowaka hayapandishwi ndege kwa urahisi.

Je, rangi za hapahapa? Rangi ya mafuta wanayotumia wachoraji wa Tingatinga inang'aa vizuri sana kwenye ubao, na kung'aa huko ndiko kunakoifanya isifae kifaru. Ni nzito pia, inaziba boliti zote. Praima ya mafundi wa magari inafanya kazi kwenye plastiki ngumu ukipuliza nyembamba na kwa mbali, lakini thina yao usiiguse modeli nayo. Inayeyusha plastiki.

Mandhari ndiyo sehemu ambayo hupaswi kuagiza kitu. Nyuzi za kamba ya mkonge zikikatwa fupi ni majani marefu, na Tanga bila mkonge ingekuwa aibu. Njiti za fagio la chelewa ni nguzo na magogo. Nyuzi za makumbi ya nazi ni mapaa ya makuti. Mchanga wa pwani uoshe chumvi kwanza. Unga wa mbao na vipande vya MDF mafundi wa Keko wanavitupa, ukiomba utaulizwa, "Bosi, unafuga kuku?" Sema ndiyo, ni rahisi kuliko kueleza.

Na usisahau nyuki. Tanga risasi ziliivuruga mizinga yao, wakawashambulia wanajeshi porini. Mimi huweka alama nne chini ya miti. Kikosi kikipigwa risasi karibu na alama kinatupa dadu, ikitoka moja kinarudi nyuma mbio, kiwe cha nani.

Kama huna nafasi kabisa: meli

Kuna njia ya pembeni ambayo naipenda kwa mtu wa chumba kimoja. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliondoka hapahapa bandarini Dar tarehe 31 Julai 1914, ikaizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji mpaka Severn na Mersey, meli za kina kifupi zilizoletwa kwa ajili yake, zilipoimaliza tarehe 11 Julai 1915 zikielekezwa na ndege. Urefu wake ulikuwa mita 115. Kwa skeli ya 1/1200 ni sentimita 9.6, kwa 1/2400 ni chini ya tano. Vita nzima ni meli tatu na ndege. Unaweza kuzichonga kwa mbao laini kwa wembe na msasa ukimaliza Jumapili moja, na mikoko ikawa sifongo ya kuoshea vyombo iliyochanwachanwa na kupakwa kijani.

Mchezo wenyewe uko kwenye kutoonana. Mwenye Königsberg anaandika kwa siri yuko mkondo upi, mwenye Severn na Mersey anapiga mizinga juu ya miti, na ndege inamwambia kombora limeanguka wapi. Ukitaka kuuchezesha vizuri tafuta mtu wa tatu awe ndege: anaona meza yote, anaruhusiwa kusema maneno mawili tu kwa zamu, "mbele", "kushoto", na mafuta yake yakiisha anatoka chumbani.